Kabla ya kung'oa chai, iulize kwanza kompyuta yako

UKIZUNGUKA vijiji vya wilaya ya Rungwe siku hizi, kuanzia Katumba hadi Mwakaleli, hukosi kukutana na mkulima anayekuambia kwamba amechoka na chai. Wapo waliokwisha kung'oa sehemu ya mashamba yao wakapanda parachichi, na wapo ambao jembe liko mkononi, wanasubiri tu jirani aanze.

Sina ugomvi na parachichi. Ni zao zuri na ardhi yetu inalikubali. Lakini huwa nawauliza wakulima hao swali moja: chai yako ilikupa shilingi ngapi mwaka jana, baada ya kutoa mbolea, palizi na malipo ya wachumaji? Na mwaka juzi je? Jibu ninalolipata mara nyingi ni mkono unaopungwa hewani na maneno matatu: "Ni kidogo tu."

Ndugu msomaji, "kidogo" si hesabu. Mchai ukiutunza unakaa shambani miongo mingi, na ukiung'oa leo kisha ukajuta, itakubidi usubiri kama miaka mitatu ndipo uanze tena kuchuma jani la maana. Mparachichi wa kubebeshwa nao unataka karibu muda huo huo kabla ya kuanza kuzaa. Chai inalipa kidogo kidogo mwaka mzima, parachichi inalipa kwa msimu. Huu ni uamuzi wa maisha ya familia, na haufai kufanywa kwa kusikiliza redio ya kijiweni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hoja yangu leo ni kwamba daftari hilo kwa wengi wetu limo ndani ya nyumba, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na kazi yake ni kuonyeshea filamu na kuchapia kadi za michango ya harusi. Naizungumzia kompyuta.

Katika Tukuyu mjini, Kiwira na hata vijijini, zipo nyumba nyingi zenye kompyuta. Pengine mtoto aliyemaliza chuo aliiacha, pengine mwalimu au mwenye duka aliinunua ikiwa imetumika. Mashine hiyo, hata iwe ya zamani, ina uwezo wa kutunza kumbukumbu za shamba na duka kwa miaka 20. Kinachokosekana ni utaratibu.

Kanzidata si mdudu wa kutisha

Wataalamu huita chombo hicho kanzidata au hifadhidata. Ni daftari lililopangwa kwa majedwali, ambalo unaweza kuliuliza swali nalo likakujibu. Ukiandika katika daftari la kawaida kwamba umepeleka kilo 38 za majani kituoni, karatasi inanyamaza. Ukiandika hivyo hivyo kwenye kanzidata, unaweza kuuliza: tangu Januari nimepeleka kilo ngapi, nimelipwa za ngapi, na mwezi upi makato yalikuwa makubwa kuliko mengine?

Programu za kazi hii ziko nyingi. Wapo wanaotumia Access ya Microsoft. LibreOffice haiuzwi, unaichukua bure, na ndani yake mna sehemu ya kanzidata iitwayo Base. Kwa mkulima wa ekari mbili au mwenye genge dogo, hata majedwali ya Excel yanatosha kabisa kuanzia, mradi yapangwe vizuri. Asikudanganye mtu kwamba lazima ununue programu ya mamilioni.

Jambo la kwanza la kufanya, kabla hata ya kuwasha mashine, ni kuchukua karatasi na kuandika maswali matano ambayo unataka yajibiwe. Nani ananidai? Nani namdai? Ng'ombe yupi ananilipa? Shamba lipi linakula mbolea bila kurudisha? Mwezi upi huwa sina fedha? Ukishajua maswali, utajua cha kuandika. Anayeanza kwa kuandika kila kitu huchoka wiki ya pili na kuacha.

Chukua mfano wa maziwa. Tuseme una ng'ombe wawili, nao kwa pamoja wanatoa lita 16 kwa siku. Kwa wepesi wa hesabu tuseme lita moja ni sh 1,000, na kila ng'ombe anakula pumba, dawa na nguvu za kijana wa majani kwa sh 5,500 kwa siku. Daftari linasema unabakiwa na sh 5,000 kila siku, nawe unafurahi.

Sasa watenganishe. Kumbe wa kwanza anatoa lita 10 na wa pili lita 6. Wa kwanza anakubakizia sh 4,500, wa pili sh 500 tu. Kwa mwezi wa siku 30, huyo wa pili amekuachia sh 15,000, na akiugua ndigana mara moja gharama za mganga wa mifugo zinaimeza faida hiyo na zaidi. Bila kuwaandika mbalimbali usingemgundua. Kila ng'ombe apewe namba yake, na kila ukamuaji wa asubuhi na jioni uandikwe kwa namba hiyo.

Makosa madogo yanayoharibu kazi kubwa

Nimeona kanzidata kadhaa za wafanyabiashara wa kwetu, na makosa yanayoziua ni yale yale. Nitayataja machache.

La kwanza ni majina. Hapa kwetu ukisema "Mwaipopo ananidai" hujasema kitu, maana akina Mwaipopo, Mwakyusa na Mwakalinga wamejaa kuanzia Kiwira hadi Masoko. Leo unaandika jina kwa ufupi, kesho kwa urefu, keshokutwa unaandika "Baba Neema". Mashine haijui kwamba hao watatu ni mtu mmoja, hivyo deni lake linagawanyika mara tatu. Dawa yake ni kuwa na majedwali mawili. La kwanza ni la watu: namba, jina kamili, kijiji na simu. La pili ni la matukio: tarehe, namba ya mtu, bidhaa, kiasi, kipimo na bei. Jina liandikwe mara moja tu, kwingine kote itumike namba.

La pili ni tarehe. Kompyuta nyingi huja zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Wewe ukiandika 5/6 ukimaanisha tarehe 5 Juni, yenyewe inaelewa tarehe 6 Mei. Ukiandika 25/6 haielewi kabisa, inaichukua kama maneno tu. Mwisho wa mwaka mauzo ya Juni yametawanyika hovyo. Nenda kwenye mipangilio ya mashine uirekebishe, au jizoeze kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-06-05. Mtindo huo haumchanganyi mtu wala mashine.

La tatu ni namba za simu. Majedwali mengi hufuta sifuri ya mwanzo kwa kudhani ni hesabu. Iambie mashine mapema kwamba safu hiyo ni ya maandishi.

La nne ni vipimo. Usiandike "kilo 38" katika kisanduku cha kiasi, kwa sababu maneno hayajumlishiki. Andika 38 katika safu moja na "kilo" katika safu ya pili. Na wenzetu wa viazi vya Isongole, gunia si kipimo mpaka liwe limepimwa. Gunia la kawaida na lumbesa vikiandikwa "gunia 1" na "gunia 1", kompyuta itakuambia umeuza sawa, kumbe la pili limeondoka na debe zima la bure. Andika kilo. Na ndizi nazo, mkungu wa mwezi wa mavuno na mkungu wa kiangazi si kitu kimoja. Kama huna mizani, andika basi daraja la mkungu, mkubwa, wa kati au mdogo.

La tano ni kufuta. Mteja akirudisha mali au ukigundua ulikosea, usiufute mstari wa zamani. Ongeza mstari mpya wa marekebisho wenye tarehe ya leo. Siku mteja akibisha, utaweza kumwonyesha njia yote tangu mwanzo hadi mwisho. Daftari linalofutwafutwa halina ushahidi, liwe la karatasi au la umeme.

Mwisho, usikusanye kazi. Dakika 10 kila jioni zinatosha. Ukisubiri Jumamosi, karatasi zimelowa, nyingine zimewashiwa moto.

Radi ya Tukuyu haina huruma

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kumbukumbu za miaka minne za maziwa, chai na madeni ya duka, zote katika kompyuta moja, chumba kimoja, bila nakala hata moja. Jioni moja ya mwezi Machi radi ilipiga karibu na nguzo. Asubuhi mashine haikuwaka. Fundi aliifungua, akaniangalia, akatikisa kichwa. Diski nayo ilikuwa imekufa.

Wadeni wangu walisikia habari hiyo kabla sijawaambia. Wapo waungwana waliokuja wenyewe wakasema, "Bwana, mimi nina elfu kumi na tano yako." Waliobaki walinipa pole, wakanyamaza. Nilijifunza siku hiyo kwamba kompyuta isiyo na nakala ni hatari kuliko daftari la senti, kwa sababu daftari huwezi kulipoteza lote kwa sekunde moja.

Eneo hili hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua yetu huja na radi na umeme wa kukatikakatika. Kwa hiyo ukisikia mngurumo, chomoa waya wa umeme ukutani, pamoja na waya wowote wa antena au intaneti. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Mwenye uwezo anunue betri ya akiba ambayo mafundi huiita UPS, ili umeme ukikatika apate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Faili la kanzidata likikatizwa katikati ya kuandikwa linaweza kuharibika lote. Na mashine isikae sakafuni wala karibu na dirisha. Ukungu wa Rungwe unaingia hata usipoalikwa.

Kuhusu nakala, kanuni ni rahisi: ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba yako. Ya kwanza ni ile ya kwenye kompyuta. Ya pili iwe kwenye flashi au diski ya nje, ambayo unaichomoa ukimaliza, kwa sababu ikibaki imechomekwa radi au virusi vitakula zote mbili. Ya tatu mpelekee ndugu yako Mbeya, au jitumie mwenyewe kwa barua pepe siku ukiwa na mtandao. Chagua siku moja ya wiki, mimi nimechagua Ijumaa, na kila nakala ipe jina lenye tarehe. Usiandike juu ya nakala ya wiki iliyopita. Kama faili limeharibika leo bila wewe kujua, utakuwa umelifunika lililo zima kwa lililo bovu.

Tena mara moja kwa mwezi, ifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama inasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Kuna na kifo cha polepole zaidi, kile cha programu. Zamani kompyuta nyingi za nyumbani zilikuja na programu ya Microsoft Works, yenye kanzidata ndogo ndani yake. Programu hiyo ilikwisha kukomeshwa, na waliotunza kumbukumbu humo walihangaika kuzifungua. Windows 10 nayo, ambayo bado imo katika mashine nyingi, msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 2025. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo, lakini mlango wa virusi unazidi kulegea. Basi kila mwisho wa mwaka hifadhi pia nakala katika mfumo wa maandishi matupu, ule wenye jina linaloishia na csv, ambao karibu kila programu ya majedwali husoma. Na anayetumia Access akumbuke kwamba faili lake huvimba kadiri anavyoongeza na kufuta, na ukomo wake ni gigabaiti 2. Programu yenyewe ina kitufe cha kulibana na kulikarabati, kitumie baada ya kuchukua nakala.

Karatasi, kodi na siri za watu

Wapo watakaosema simu inatosha. Simu ni nzuri kwa kunasa kumbukumbu ukiwa shambani, lakini inaibwa, inadondoka mtoni, na watoto wanaichezea. Inase, kisha jioni uhamishe.

Wengine watadhani kompyuta inaondoa karatasi. Haiondoi. Stakabadhi ya kituo cha chai na risiti za mbolea ndizo ushahidi wako. Kompyuta inakusaidia kujua ushahidi upi uko wapi. Ipe kila karatasi namba na uandike namba hiyo kwenye mstari wake. Zile risiti za mashine hufifia baada ya muda, hivyo zipige picha mapema. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano.

Mfanyabiashara mdogo anayeona hilo ni mzigo atazame hesabu hii. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya sh milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitozwa sh 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5, hiyo ni sh 30,000. Tofauti ya sh 70,000 ni malipo ya kuandika tu. Viwango hubadilishwa kwenye bajeti, kwa hiyo pita ofisi ya TRA uulize vya mwaka huu, lakini somo ni lile lile.

Jambo jingine ni heshima. Orodha ya wadeni ni siri za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hata kabla ya sheria, uungwana wetu haukuruhusu kumtangaza mtu kwa deni la kilo moja ya sukari. Weka neno la siri, wafungulie watoto sehemu yao ya michezo, na usiichukue orodha hiyo ukaibandika kwenye kundi la simu kwa hasira.

Lakini siri isizidi mpaka ikafukia familia. Ni mara ngapi tumezika mtu, na baada ya matanga mjane hajui marehemu alimdai nani wala alidaiwa na nani? Wanaodai huja kabla ya arobaini, wanaodaiwa hawaonekani. Mfundishe mkeo au mumeo, au kijana mmoja mwenye akili tulivu, namna ya kuifungua kanzidata hiyo. Neno la siri liandike, litie kwenye bahasha, ulifungie pale unapoweka hati ya shamba.

Nirudi kwenye chai. Simwambii mtu ang'oe au asing'oe. Ninachosema ni kwamba viwanda vina kumbukumbu zao, wanunuzi wa parachichi wana zao, na wenye maroli ya ndizi wanajua kila walichobeba. Katika meza hiyo ya mazungumzo, anayefika mikono mitupu ni mkulima peke yake. Siku wote tutakapokuwa na namba zetu wenyewe, hata mkutano wa chama cha ushirika utakuwa mfupi, maana badala ya kupiga kelele tutafungua kurasa.

Anza leo jioni na jedwali moja. Andika kilo za leo. Mwakani wakati kama huu, jirani akija na jembe lake kukushawishi, utakuwa na cha kumjibu.